Mbao Zilizopungua Inchi Mbili

Dada, kabla hujaanza kulia, mumeo yuko hai. Aliyekupigia simu akasema ameuawa hapa kwenye kiwanda cha mbao aliona damu akatimua mbio, hakungoja mwisho. Shikamoo, hata kama imechelewa. Natumaini wewe na mtoto hamjambo na mgongo wako umepoa. Mimi mzima. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Shemeji alipoletwa na ofisi ya vipimo atutoe kwenye futi atupeleke kwenye mita, watu walimcheka tu. Wakamwita Bwana Sentimita. Wazee walimwambia futi wanayo mkononi, hata wakifumba macho wanakata, hiyo mita yake akapimie mashuka. Kicheko kiliisha siku bosi aliposema malipo yetu ya futi sasa yatakuwa ya mita, na mita moja ni futi tatu. Baba akalaza tepu mbili mezani, mita ikapita futi tatu kwa inchi tatu na kitu. Akauliza hicho kipande kinachobaki anakipasua nani. Bosi akamjibu asiyetaka mlango anaujua.

Mimi nilikuwa nafagia karibu na ofisi. Nilimsikia shemeji akimsihi bosi asikate mbao za mita mpaka chanja za kupangia mbao zibadilishwe. Bosi akasema chanja zitangoja.

Chanja zetu za chuma zilichomelewa kwa mbao za futi kumi. Hizi za mita tatu zimepungua inchi mbili, zikawa zinashika ukingo kwa ncha tu, kama mtu anayening'inia kwa kucha. Jumatatu baba mdogo akavuta ubao wa chini. Rundo zima likamshukia. Dada, nilizisikia mbavu. Tulipomtoa kifua kilikuwa bapa, mdomo umejaa damu na vumbi, mkono unafumba na kufumbua. Akatutoka hivyo hivyo.

Bosi alishapanda gari akaondoka. Shemeji hakukimbia, alikuwa amepiga magoti anamfuta marehemu uso. Wapasuaji wakambeba shemeji juu juu. Mmoja akasema leo apimwe na yeye, tuone ana mita ngapi. Wakamlaza kwenye meza ya msumeno, wakamnyooshea tepu yake mwenyewe, wakawa wanampiga kwa vipande vya mbao huku wanahesabu sentimita kwa sauti, na wengine wanacheka. Taya likavunjika kabla hawajafika kiunoni. Halafu msumeno ukawashwa. Mimi nikakimbilia swichi kubwa nikaizima. Banda likawa giza, wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, nikamvuta kwa miguu mpaka kwenye shimo la vumbi la mbao nikamfukia, nikaacha pua tu. Tangu hapo namficha humo, usiku nampelekea uji.

Kuna kitu nakizungukazunguka. Aliyewasha msumeno ni baba. Baba yetu, Dada. Damu ya mdogo wake ilikuwa haijakauka kwenye shati. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama nimemwona mkwe wake, nami natikisa kichwa. Nataka kumwambia shemeji alimkataza bosi, naishia kuokota fagio. Unanijua mbele ya baba nilivyo.

Sasa shemeji yumo ndani ya gunia, kwenye lori la wafugaji kuku wanaokuja kuchukua vumbi la mbao. Vidole vitatu havina kazi tena, ila anapumua. Barua hii nampa dereva. Mwambie mtoto mjomba wake anamsalimu, na majirani wote wape salamu zangu.

Tatizo ni geti. Watu huwa wanaficha mbao za wizi kwenye magunia, kwa hiyo kila gunia linachomwa nondo kabla halijatoka. Na tangu bosi atoroke, nondo anayo baba.

Lori limeshawashwa. Acha nitoke, nikapande juu ya magunia, nimkalie shemeji, nimwambie baba yote nikiwa hapo hapo. Kama hataki kusikia, nondo ianze na mimi.

Mdogo wako