Vidonge vya Soksi

Baba, na wewe binti yangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni wenyewe. Nimempeleka Soksi kwa daktari wa mifugo. Asubuhi nimemkuta chini ya meza anatapika povu, miguu haimbebi. Nimemwita, hata mkia hakutikisa.

Fungeni geti. Osheni bakuli lake. Akirudi, asipewe chochote mpaka niseme mimi, hata akiwatazama kwa yale macho yake.

Sasa tuongee. Daktari ameniuliza kwenye simu mbwa kala nini. Nimefungua boksi la dawa ya minyoo. Anatakiwa kupewa kidonge kimoja, na tangu jana vimetoka vitatu! Kalenda iko ukutani, kalamu imening'inizwa kwa uzi, sheria ni moja tu: ukimpa, weka alama. Alama hakuna hata moja. Watu watatu, vidonge vitatu. Kila mtu kamfichia chake ndani ya mkate, akaenda zake akijiona yeye ndiye pekee anayemjali mbwa humu ndani.

~~Baba, wewe ndiye mkubwa, ulipaswa~~

Hapana. Nimefuta hiyo.

Daktari anataka kujua kila kidonge kilitolewa saa ngapi. Nitumieni ujumbe mara tu mkisoma hapa, na msioneane aibu. Kisha nendeni kwenye kalenda mkaweke alama zenu. Mtakuta moja tayari, imewekwa sasa hivi, ya jana saa kumi na mbili asubuhi.

Hiyo ni yangu.

Mama