Mlango wa Mfereji Wetu

Mpendwa kaka,

Nimeisikiliza tena sauti uliyonitumia kwa simu kuhusu mpunga wa huko Burundi. Unasema shamba lako ni kipande tu cha hili letu la Katumba, na bado unavuna kunizidi. Mfereji wenu una milango ya chuma. Zamu yako ikifika unafungua, ikiisha unafunga, unakwenda nyumbani kula. Hapo kwenye kwenda nyumbani kula ndipo niliporudia kusikiliza.

Unaukumbuka mlango wetu? Ulikuwa wewe na mimi. Baba akitaka maji yaingie jarubani, alitukalisha katikati ya mfereji tuyazibe kwa miili yetu. "Kaeni hapo. Msitoke mpaka niwaite." Wewe mjanja, ukiona ameinama, huyo, umeshafika kwenye mipera. Mimi nilijitanua nizibe na nafasi yako, na maji yakapita pembeni vilevile. Baba akaniita mtoto mwema, nami nikaona nimesifiwa.

Lori la kuturudisha wakimbizi Burundi lilipokuja, baba alikuwa ameshafariki. Wewe ukapanda. Mama akakataa: "Nilishakimbia mara moja. Inatosha." Nikabaki naye, tukachukua uraia wa Tanzania.

Msimu uliopita nilijaribu njia yenu. Nilisawazisha majaruba, nikainua kingo, nikaingiza maji ya kulowanisha tu badala ya kufurikisha shamba zima kama tulivyozoea huku. Mpunga ulikubali, kaka, nilifurahi mpaka nikaimba peke yangu. Lakini maji niliyoyabakiza mferejini, jirani wa chini aliyaona, akalima jaruba jipya. Mwaka huu maji ni machache, na sasa ananifuata hadi nyumbani.

"Dada, mbona umetubania? Yale maji ya mwaka jana yako wapi?"

Kwenu kuna mtu wa kugawa maji yanayobaki. Huku anayeyawahi ndiye mwenyewe, na mfereji unaanzia kwetu. Nikimpeleka mama hospitali Mpanda mjini, nikirudi nakuta kingo zimebomolewa. Nikitumia maji vibaya tunakosa, nikiyatumia vizuri wanakula wengine, halafu wananinunia.

Unauliza nitakuja lini. Nimechoka, kaka. Nakuonea wivu, na nimekukasirikia kidogo, usijifanye hujui. Mama haondoki hapa, na siwezi kumwachia mfereji huu. Magunia ya mchanga yanasombwa, mbao zinaoza. Juzi tope nililozibia mfereji lilipasuka nikiwa katikati ya kumwagilia, miche ikiwa imeanza kunyauka. Sikuwa na cha kuzibia. Nikakaa palepale pa zamani, mtu mzima na sketi yangu, maji yakinipiga mgongoni mpaka jaruba la mwisho likalowa.

Nilipokaa pale ndipo nilipoelewa kwa nini wewe uko huko na mimi niko huku. Wewe ulishatoka mwenyewe tangu utotoni. Mimi nilikuwa nasubiri kuitwa, na baba amefariki hajaniita.

Msalimie wifi, na watoto wasikae kwenye maji baridi.

Mdogo wako,
uliyemwacha mferejini