Udongo kwenye Viatu vya Deo

Jumatano, 3 Septemba
Vipindi vinne leo. Ngeli za nomino tena. Darasa zima linasema "mutu iko", mimi nasahihisha, wao wananicheka: Mwalimu Mtanzania. Wacha wacheke.

Nyumbani: kumnyonyesha Keza, kumwogesha, kumpaka mafuta, kumlaza. Ana miezi sita. Nafanya yote na sikosei hata moja. Moyoni sisikii chochote. Namwogesha kama ninavyoosha sufuria. Basi, nimeliandika.

Ijumaa, 5 Septemba
Mara ya nne kuongea na yule mtaalamu wa Kanada. Wifi yangu Solange anaishi huko, ndiye aliyenitafutia mtaalamu huyo, nasi tunaongea kwa video. Bosco, mume wangu, anatoka nje na mtoto ili nipate utulivu. Mume kama huyu nimempata wapi, sijui.

Mtaalamu ni mama wa kizungu, mpole, ana paka. Alinifundisha kwamba huu ni ugonjwa wa baada ya kujifungua, si ubaya wa moyo. Kwa neno hilo tu nitamshukuru hadi nife.

Lakini akisikia Rwanda anasikia jambo moja tu. Kila mara ananirudisha kwenye mauaji ya kimbari. Nimemwambia mara tatu nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikakulia Karagwe. Yaliyowapata watu wetu yana uzito wake na mahali pake. Jeraha langu mimi lina miezi sita.

Na anataka nimtazame machoni. Nikiinamisha uso anaandika kitu. Nyumbani kwetu anayekukazia macho ukiwa unasema uchungu wako ni mtu anayetafuta ugomvi.

Jumatano, 17 Septemba
Leo nimemweleza mtaalamu jambo lote. Naliandika hapa pia, nisije nikajidanganya.

Mama Vena ni mama yangu mkubwa. Mama mzazi alikufa sijajua kutembea, Mama Vena akatulea mimi na kaka yangu Deo. Tuliporudi Rwanda akapata shamba Kanama. Mimi nikaolewa huku mjini Gisenyi, Deo akabaki naye.

Keza alizaliwa mwezi wa tatu, kwa upasuaji. Siku mbili baadaye Mama Vena akafa. Ndugu hawakuniambia. Mzazi haambiwi msiba, damu itaharibika, maziwa yatakauka. Wakamzika. Siku ya tano wakaja kunihemba, yaani kumpongeza mzazi kwa zawadi, na sufuria ya uji na maziwa, wakicheka, wakipokezana mtoto. Mama Vena anaumwa miguu, wakasema, atakuja.

Viatu vya Deo vilikuwa mlangoni. Udongo wetu wa mjini ni mweusi, wa volkano. Vile vilikuwa na udongo wa kahawia wa Kanama, mbichi. Nikamtania: umekuja kunihemba au kulima? Akasema ametoka kuvuna viazi.

Niliambiwa baada ya wiki sita. Tangu siku ile nikimtazama mtoto naviona vile viatu.

Mtaalamu akasema: walikudanganya, kaa mbali nao. Washa mshumaa, umuage kwa njia yako. Na isitoshe, alikuwa shangazi yako tu.

Shangazi. Tu. Nimefunga kompyuta.

Alhamisi, 25 Septemba
Kliniki, kumpima Keza uzito. Amenenepa, asante Mungu. Muuguzi hakutazama mizani, alitazama mikono yangu, jinsi ninavyomshika mtoto. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nalala, kama nakula. Akanielekeza kwa mshauri wa kituo cha afya cha Nyamyumba, mama mmoja aliyerudi kutoka Kongo. Wanamwita Mama Espé.

Sitaki mshauri mwingine. Nimechoka kujieleza.

Jumamosi, 27 Septemba
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumefyeka mtaro. Deo amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumanne, 30 Septemba
Nimekwenda. Kwa sababu ya Bosco: alileta tu pikipiki mlangoni.

Chumba kidogo, benchi moja, ungo wa maharagwe. Maharagwe! Ni ya nyumbani kwake, anasema hakuna sheria iliyoyakataza. Akanisogezea upande wangu wa ungo tukaanza kuchambua. Mawe huku, mabovu kule. Tumekaa bega kwa bega, macho kwenye ungo, Keza mgongoni kwangu. Hakuniuliza swali hata moja kwa robo saa nzima. Halafu nikajikuta nasema.

Nilipofika kwenye habari za Mama Vena nikaanza kufafanua, kwamba si mama mzazi lakini... Akanikatiza: "Mama yako. Endelea."

Nimelia njia nzima ya kurudi. Dereva wa pikipiki masikini alidhani nimeibiwa.

Jumanne, 14 Oktoba
Maharagwe tena. Nimefika kwenye viatu. Nilingoja aniambie watu wangu ni waongo, au aniambie nisamehe, maana ndizo dawa mbili nilizokwisha kupewa. Akachambua kwanza, pole pole.

"Bon," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Balikuficha sababu balikupenda. Ile iko kweli. Na balikuacha inje. Ile pia iko kweli."

Halafu: "Na we, matanga yako iliisha siku gani?"

Nikasema waliyaanua Kanama, mimi nikiwa bado na nyuzi tumboni.

"Ile ilikuwa yao. Mi nauliza yako."

Hakuna aliyekaa nami. Hakuna aliyeniambia sasa inuka, inatosha. Waliniondolea msiba kama mtu anayeficha kisu mtoto asikione, kisha wakasahau kwamba nami nilikuwa mfiwa. Tangu nilipoambiwa nimekaa matangani peke yangu na mtoto mikononi.

Ameniagiza kitu kimoja. Nirudi kwao, waniketishe, wanisimulie ile siku yote kuanzia asubuhi. Kisha wayaanue upya, nikiwepo.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimempigia Deo. Nilisema haraka kabla sijaghairi. Nikadhani simu imekatika. Kumbe analia, Deo ambaye hata alipovunjika mguu alipiga mluzi.

Hasira bado ninayo. Naiandika ili isijifiche.

Jumamosi, 1 Novemba
Kanama. Bosco, Keza na mimi, basi dogo la saa mbili.

Walikuwa wote, walewale wa uji. Hakuna aliyecheka. Wamenikalisha kwenye mkeka wa Mama Vena. Mke wa Deo alianza: Mama Vena aliamka, akaomba chai, akauliza kama mtoto wangu ni wa kike. Akaambiwa ndiyo. Akasema vema. Kwa hiyo alijua! Miezi yote hii nilidhani alikufa hajui.

Wakaendelea mmoja mmoja. Nani alimwosha. Alivikwa kitenge gani, kile cha Karagwe. Mvua ilinyesha saa ngapi. Niliuliza maswali ya kijinga na yote yakajibiwa.

Deo akawa wa mwisho. Hakunitazama, alitazama mikono yake. Akasema kila mtu pale kaburini alitupa udongo mara moja. "Mimi nilitupa mara mbili. Nikasema mkono wa pili ni wa dada. Nilitaka kukuambia ile siku ya uji. Nikasema viazi."

Nimelia kwa sauti, kama mtu. Nao wamelia nami. Kisha mkubwa wa ukoo akamwaga bia kidogo ya mtama chini, akasema matanga ya binti huyu yameisha, ainuke. Deo akanipa mkono. Nikainuka.

Shukrani nilizo nazo leo sijui niziweke wapi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimempelekea Mama Espé maharagwe ya Kanama, kilo tatu, hayajachambuliwa. Amecheka sana. Anasema bado nitaendelea kwenda kwake, ugonjwa hauondoki kwa siku moja. Najua. Nimemwandikia pia yule mama wa Kanada kumshukuru na kumuaga. Nimemwambia "mama mkubwa" maana yake nini.

Jumapili, 16 Novemba
Deo amekuja baada ya misa, na viazi vya kweli safari hii. Ameviacha viatu mlangoni, udongo hadi kwenye kamba. Nilikuwa nafanya chai.

Keza anatambaa sasa. Nilipogeuka alikuwa ameshika kiatu kimoja kwa mikono miwili, kamba iko mdomoni, udongo kidevuni. Akaniangalia. Akacheka.

Nimemnyanyua. Nimemfuta kidevu kwa kidole. Ana harufu ya sabuni na shamba.

Chai ikachemka ikamwagika jikoni, nami sijamweka chini. Bosco amezima jiko.