Treni ya Saa Kumi

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimekubali jambo ambalo sikulisikia. Nilikuwa nabandika mti wa ishirini na tatu kwenye kilima changu — mti wa sifongo, urefu wa kidole — na gundi haingoji mtu. Mama Watoto akasimama mlangoni, akasema maneno. Nikasema sawa. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sawa kabisa. Akaondoka akiimba.

Kumbe nimekubali mama yake aje kukaa nasi wiki sita. Alianguka, akavunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na hospitali inamruhusu tarehe kumi na saba. Hilo ningelikubali hata kama ningesikia. Tatizo ni chumba. Vyumba vyetu vya kulala viko juu, na mgonjwa hawezi ngazi. Cha chini ni kimoja tu. Hiki. Cha reli.

Miaka kumi na moja nimekijenga kijiji hiki. Stesheni mbili, daraja, handaki, taa arobaini zinazowaka kweli. Nimeosha vyombo bila kuambiwa, nikiwaza.

Jumapili, 3 Machi

Nimefua mashuka, nimeanika, kisha nimeipima meza ya reli. Mita nne kwa moja na robo. Sebuleni haiingii. Chumbani kwetu — Mama Watoto kasema kitalala kimoja humo, meza au yeye. Limebaki banda la bustani, na humo ndimo anamokuzia miche yake ya nyanya. Tumeelewana: miche ihamie kibarazani, na mimi niimwagilie kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Safari hii nilisikiliza kila neno kabla ya kusema sawa.

Kuhusu mama mkwe, niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Ndoa yetu ina miaka ishirini na sita, na maneno niliyowahi kuzungumza naye hayajazi ukurasa. Shikamoo mama. Marahaba mkwe. Habari za safari. Njema. Si kwamba hatupendani. Tumeheshimiana mpaka hakuna wa kuanza.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya chama. Tuko wanne, na hukutana kwangu kila Alhamisi jioni: mimi fundi miwani, Mwoka Mikate, ambaye huja na unga kwenye nyusi, Nesi, anayeunganisha waya kutushinda sote, na Bwana Rula, mchoraji wa majengo aliyestaafu lakini rula haijastaafu, iko mfuko wa shati hata akienda sokoni.

Nikawapa habari. Wakaitazama meza kama watu waliofiwa. Mwoka Mikate akaigusa stesheni kwa kidole. Nesi ndiye aliyesema kwanza: nyonga ni nyonga, na mgonjwa anataka chumba chenye dirisha. Akaongeza: Jumamosi tunahamisha, na asiyekuja asiniletee cheti cha daktari, nitakijua.

Jumamosi, 9 Machi

Meza haipiti mlangoni.

Bila shaka haipiti. Niliijenga humo humo, ubao kwa ubao, na kwa miaka kumi na moja sikuwahi kujiuliza itatokaje. Nesi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tukajaribu kuilaza ubavu. Tukajaribu dirisha. Mwisho Bwana Rula akasema neno ambalo kila mtu alikuwa anamwachia mwenzake: msumeno.

Alipima mara saba. Nikakata mara moja, jasho likinidondoka juu ya paa la posta. Ndipo akagundua kwamba aliisoma rula upande wa inchi. Badala ya kupita katikati ya uwanja, msumeno ulikuwa umepita katikati ya kanisa, na padri wa plastiki akabaki upande mmoja, waumini upande wa pili.

Bwana Rula aliirudisha rula mfukoni. Akaomba gundi. Amelirekebisha kanisa yeye mwenyewe, na sasa lina mnara mfupi kuliko zamani lakini halivuji.

Jumanne, 12 Machi

Banda halina umeme. Baada ya kazi nikachukua jembe nichimbe mfereji wa waya, kutoka ukuta wa jikoni hadi bandani. Mita tisa. Udongo mlaini, jua limepoa, nikajiona mtu wa maana.

Mita ya sita nikasikia kitu kimelia tiing.

Maji yaliruka juu kuliko kamba ya nguo. Na kwenye kamba kulikuwa na nguo. Mashuka mapya aliyomfulia mama yake, mapazia ya chumba, na gauni lake la kazini. Tope likaruka pamoja na maji. Mama Watoto akatoka jikoni, akatazama, akarudi ndani. Akatoka tena na mwavuli, akafungua, akaja kusimama kando yangu kwenye mvua yangu ya bomba, akauliza kwa upole kama treni hizi siku hizi zinaendeshwa kwa mvuke.

Fundi bomba alifika baada ya saa nzima. Akauliza nani amekata. Mama Watoto akamjibu kuwa ni shirika la reli.

Nimefua upya vyote. Mikono imekunjamana kama ya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.

Jumapili, 17 Machi

Amefika. Amekuwa mdogo. Nilimkumbuka mrefu. Anatembea na fremu, hatua mbili, pumziko. Shikamoo mama. Marahaba mkwe. Habari za safari. Njema.

Alipoingia chumbani alinusa, akatazama ukuta palipokuwa na meza, rangi bado mpya kuliko kwingine. Akauliza palikuwa na nini hapa. Nikamwambia hakuna kitu, mama. Mama Watoto akanitazama.

Alhamisi, 21 Machi

Hatoki kitandani. Anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba. Mama Watoto analia jikoni akisingizia vitunguu, na leo hatukupika vitunguu.

Nesi alipokuja kwenye chama alianza chumbani kwa mgonjwa. Nikiwa nje na sinia nikasikia yote. Nesi alisema bila mazoezi nyonga itaganda: kitandani hadi dirishani, mara kumi kwa siku. Mama mkwe akasema asante mwanangu, lakini huko dirishani kuna nini cha kunisimamisha? Matuta ya mboga?

Nesi akaja bandani, akafunga mlango, akasema jamani, tuna kazi.

Jumapili, 24 Machi

Siku mbili za kazi, sina mgongo. Tumetoboa ukuta wa banda. Reli sasa inatoka nje, inazunguka matuta ya mboga, inapita chini ya dirisha la mama, inarudi. Mita thelathini na moja na sentimita kumi na nne, kwa mujibu wa Bwana Rula, aliyesoma upande sahihi. Mwoka Mikate amebeba mchanga kwa magunia ya unga. Sasa bustani ina vumbi jeupe na sisimizi wamefurahi.

Saa kumi kamili jioni treni ya kwanza ikatoka: injini ya kijani, mabehewa matano. Ilipiga honi chini ya dirisha. Pazia halikusogea.

Jumanne, 26 Machi

Pazia limesogea. Upana wa mkono.

Jumatano, 27 Machi

Mama Watoto alimwagilia mboga saa tisa na nusu bila kuniuliza. Tuta la reli likasombwa, na injini ikaingia kwenye spinachi hadi masikio. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope nikiitoa, mara sauti juu ya kichwa changu:

"Mkwe. Treni ya saa kumi imechelewa."

Alikuwa amesimama dirishani. Na fremu, ndiyo, lakini amesimama. Nikamwambia samahani mama, njia imeharibika. Akaniuliza itapita saa ngapi. Nikasema baada ya dakika ishirini. Akasema atasubiri.

Alisubiri kwa miguu yake.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimejifunza zaidi juu ya mama mkwe kwa siku tano kuliko kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa opareta wa simu, miaka thelathini na mbili, vifaa vya kusikilizia masikioni, akiunganisha watu wasiomjua. Ndiyo maana ana masikio yale. Leo kasema behewa la tatu linagonga. Nikakagua — ekseli imepinda, unene wa unywele.

Ana daftari dogo. Anaandika saa ya kila treni. Ameniambia Jumamosi nilichelewa dakika nne, na nisimsingizie konokono. Lakini alikuwa konokono kweli! Alitambaa juu ya reli, akaacha ute, magurudumu yakateleza palepale kama mtu anayekimbia ndotoni. Nilimpeleka dirishani kama shahidi. Mama akamtazama kwa makini, akasema haya, amesamehewa. Hakusema ni nani.

Alhamisi, 11 Aprili

Ratiba imefika treni sita: mbili asubuhi kabla sijatoka, nne jioni. Kila treni ni safari ya kitandani hadi dirishani na kurudi. Anakula sahani nzima. Kwenye chama leo tulimletea kiti bandani, akaja polepole, Nesi nyuma yake bila kumgusa. Akakaa, akatazama kanisa, akauliza kwa nini lina kovu. Bwana Rula akainamisha kichwa. Mama akasema hata yeye ana lake, na wote wawili bado wamesimama.

Mama Watoto, kwa upande wake, amehesabu siku tisa ambazo sijaosha vyombo. Amebandika ratiba yake mlangoni mwa jokofu: vyombo, saa moja na nusu, takataka, saa mbili, kuchelewa kutaandikwa daftarini.

Daftari wamegawana. Wameungana.

Jumapili, 21 Aprili

Shemeji amepiga simu. Chumba kwake kiko tayari, nyumba yake haina ngazi hata moja, atakuja Jumamosi kumchukua mama. Ndivyo walivyopatana yeye na dada yake tangu mwanzo: wiki sita hapa, kisha kwake. Ni mtu mwema. Amenunua hadi kitanda kipya.

Mama Watoto alimwambia mama yake kwamba anaweza kubaki akitaka. Mama akasema ataona.

Mimi nilikuwa namwagilia miche. Niliimwagilia mpaka maji yakafurika kibarazani.

Alhamisi, 25 Aprili

Wenzangu wamefurahi kwa niaba yangu. Chumba kinarudi! Bwana Rula keshachora: meza mpya, ya vipande vinne, inayopita mlangoni. Stesheni ya tatu. Mchoro mzuri kweli. Niliukunja, nikautia mfukoni, nikasema asante. Nesi akanitazama kama anavyotazama wagonjwa wanaosema hawaumwi.

Baadaye akaniuliza kando: umemwambia? Nikamuuliza nimwambie nini. Akasema hilo analijua mwenyewe mwenye ulimi.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo nilikusudia. Baada ya treni ya saa kumi nilikwenda dirishani. Nikasema mama. Akasema naam mkwe. Nikasimama. Nikamuuliza kama chai ya mchana ilikuwa na sukari ya kutosha. Akasema ilitosha. Nikarudi bandani.

Naweza kusaga lenzi ya mtu asiyeona mkono wake. Sentensi moja inanishinda.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika jikoni, kwa penseli, nyuma ya mchoro wa Bwana Rula. Nitanakili baadaye.

Shemeji alifika saa nne. Begi la mama likawa kibarazani. Tumekaa sebuleni wote wanne, tumeulizana hali, tumesifia gari. Kisha Shemeji akasema haya mama, tuanze safari. Mama hakuinuka. Fremu ilikuwa mbali naye, kando ya mlango. Sikumbuki nani aliiweka huko. Nadhani ni yeye mwenyewe.

Akasema, taratibu, kama mtu anayesoma namba za simu: "Mwanangu ameniita kwake, namshukuru. Binti yangu ameniambia nibaki, namshukuru. Mwenye chumba hajanena. Siwezi kukaa chumbani kwa mtu kwa kunyamaziwa."

Macho yote kwangu. Nami nikasema — Mungu anisamehe — ngoja niangalie chai.

Chai imechemka mara mbili. Kupitia ukutani nasikia Shemeji akimuuliza dada yake kama nimekwenda kuchuma majani ya chai. Mama ndiye aliyejibu: mwacheni, laini inatafutwa.

Nimeandika hapa maneno ya kuanzia, nimefuta mara nne. "Mama, kuhusu chumba kile" — hapana, hiyo ni lugha ya mwenye nyumba. "Mama, hata ukienda" — hapana, tena hapana. "Mama, sisi"

Hiyo. Hiyo ya sisi. Mbele yake sijui kuna nini, lakini inaanza vizuri.

Vikombe vinne kwenye sinia. Vijiko vimelia nilipoviweka, watakuwa wamenisikia. Mlango nitausukuma kwa bega.