Figo Yangu ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mimi mwana wa bahati, nani anabisha? Tumepimwa ndugu watatu ili mmoja ampe dada figo. Kaka mkubwa ana sukari. Mdogo wetu hakulingana. Mimi—sawasawa, kama kufuli na ufunguo wake! Nilipopewa majibu nilifurahi nusura nicheze kwenye korido. Nimewatangazia wateja wote buchani: hii ndiyo figo ya kwanza kutoka kwangu bila kupita kwenye mizani!

Jumatano, 5 Machi
Kwa daktari wa upasuaji. Mikono laini kama ya bibi harusi. Nikamwambia miaka ishirini na mbili natoa figo za ng'ombe, dakika mbili tu, nimwelekeze? Akasema tofauti yetu ni moja: ng'ombe wangu hawatakiwi kuamka. Nesi akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Kisha nikauliza choo kiko wapi. Upasuaji Jumatatu. Ya kushoto.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mmoja kaja kutaka figo nusu kilo. Zilikuwa mbele yangu, juu ya ubao. Nikashika kisu—mkono ukagoma. Nikamwambia zimekwisha. Na hizo je? Nikasema hizo zina mwenyewe. Nimefunga bucha saa nne asubuhi. Mke wangu kuniona tu mlangoni akauliza nani kafa. Mkuki kwa nguruwe!

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda hospitali kumwambia dada sitaweza. Ndiyo, nimeandika. Dada huyu huyu aliyenibeba mgongoni mama akiwa kibaruani. Nimemkuta kwenye mashine ya kusafisha damu, miguu imevimba, midomo imepauka—na bado ananiuliza kama nimekula! Nikaanza mizaha yangu. Akaniacha nimalize.
"Mdogo wangu, umemwambia Mungu kwamba unaogopa?"
"Dada, mimi? Kuogopa?"
"Haya, mwambie hivyo hivyo, tuone kama atakuamini."
Akasema nikikataa hatanuna. Maisha yake aliyaweka mikononi mwa Yesu zamani, kabla hata ya habari za figo yangu. Kisha akasinzia, kanishika kidole kimoja. Nilichoendea sikukisema.

Jumapili, 9 Machi
Nimelazwa. Nimejaribu kusali. Kanisani sijaingia tangu harusi yangu, sijui pa kuanzia. Nikaweka maneno makubwa makubwa, ikawa kama hotuba ya mgombea. Nimeacha.

Jumatatu, 10 Machi
Saa moja asubuhi. Gauni la hospitali liko wazi nyuma—heshima yangu yote hadharani. Dada yuko chumba cha pili, namsikia anaimba pambio, sauti imekwaruza. Nimeutazama mlango. Nimevaa viatu. Nimevivua. Nimevivaa tena. Halafu nikasema kwa sauti, mgonjwa jirani akageuka: Bwana Yesu, naogopa. Sina la kuongeza. Nishike.

Bado naogopa. Lakini viatu nimempa nesi aende navyo. Nimemwambia asivirudishe hata nikimbembeleza.

Kitanda cha magurudumu kimefika. Nesi anasema niweke kalamu chini. Ngoja kwanza, nesi, mstari mmoja—ile bahati niliyojisifia ni uongo. Siku ya kupimwa niliomba nisilingane.