Filimbi Haitundikwi Msumarini

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, kile ulichokuwa ukitufukuza tusikikalie. Tangu uende hakuna aliyethubutu kukikalia. Mimi nimekikalia makusudi, mchana kweupe, na Baba Mdogo ananiona kutoka kwake na hajasema kitu. Nitakueleza kwa nini kanyamaza.

Kwanza niseme lililonikaa kooni. Sikuja kukuzika. Simu ya Mama ilinikuta huko Kongo, kwenye ulinzi wa amani, siku ambayo wenzetu wakubwa walikuwa wanamalizia kufunga mizigo. Nilikusimulia habari zao nilipokuja likizo ile ya mwisho: jeshi la nchi kubwa, magari mapya, helikopta, jiko linalopika mikate asubuhi na jioni. Sisi Watanzania tulikuwa kikosi kidogo ubavuni mwao, tukilinda nao kivuko cha mto na vijiji vya pande zote mbili. Serikali yao ikaona inatosha, ikawaita nyumbani. Sisi tukaambiwa tubaki. Likizo ile ulicheka ukasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakichoka watautua na nyinyi mtaubeba. Ndivyo ilivyokuwa.

Meja wao alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Aliposikia nimefiwa na baba, alinipa kiti kwenye helikopta yao ya mwisho. Nikakimbilia lindo la juu, kule mlimani, nipokee redio na ufunguo wa lindo kwa watu wake, nimkabidhi mwenzangu, niondoke. Baba, sikumkuta mtu. Lindo lilikuwa tupu. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari. Karatasi ya makabidhiano iko mezani, imewekewa jiwe isipeperuke, imesainiwa kila mahali isipokuwa pangu.

Nikabaki nautazama ule msumari.

Unajua nilichokumbuka. Nilikumbuka ukitoka zamu ya sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, asubuhi, umechoka, macho mekundu, lakini filimbi huiachi mezani. Ulitembea nayo mpaka kwa Mzee Lubango aliyekuwa anakupokea, ukangoja amalize kunawa uso, ukaiweka kiganjani mwake, ukasubiri afunge vidole. Ndipo ukageuka kuja kunywa uji. Siku moja ulinituma mimi niipeleke. Nikamkosa, nikaitundika kwenye mlango wake, nikaenda zangu kucheza. Ulinirudisha. Ulinikalisha chini ya mlango ule mpaka mzee alipotoka shamba, na uliponijia ulisema neno moja tu: "Ng'wanone, mwanangu, lindo halikabidhiwi msumari. Linakabidhiwa mkono."

Sasa mkono ulikuwa wapi? Mwenzangu alikuwa hoi kwa malaria, hajui hata leo ni siku gani. Aliyejua masafa yote ya redio, na aliyezoeana na wazee wa vile vijiji, nilikuwa mimi peke yangu. Chini helikopta inaunguruma, na huko nyumbani wewe unaoshwa, unavishwa, unasubiriwa. Nilisaini. Nikavaa ile redio masikioni, nikaiona helikopta inapanda na kiti changu kitupu ndani yake. Nililia, Baba. Nililia kwa sauti na kidole kikiwa mbali na kitufe, wasinisikie.

Siku ya tatu wakaja. Wenye silaha, wengi, wanateremka upande wa pili wa mto kuelekea kwenye pantoni ya kuvukia. Na mimi, kwa mazoea ya miaka miwili, nikabonyeza masafa ya wale wakubwa, nikaita helikopta. Redio ikakoroma tu. Nikaita tena. Hebu fikiria ujinga huo, kuita watu niliowaona kwa macho yangu wakiondoka. Ndipo nikageuza kwa watu wetu. Luteni akajibu kabla sijamaliza sentensi. Walikuja kwa miguu, wamelowa mpaka kiunoni, wachache mno, lakini walikuja wote. Na wanakijiji, ambao hakuna aliyewaamrisha, waliivuta ile pantoni kwa waya wake mpaka upande wetu, wakaifunga. Wale wenye silaha wakatukuta tumejipanga na maji yako katikati. Wakapiga risasi hewani, wakatukana, wakarudi walikotoka. Siku ile hakuna mama aliyelia pale kivukoni. Wa kumlilia nilikuwa naye mimi tayari.

Nimefika nyumbani kwa basi la Geita. Daraja la Busisi limekwisha, Baba, watu wanapita. Ulisema ukipata nafasi utalivuka kwa miguu, huku unayacheka maji yaliyokuwa yanatusubirisha nusu siku. Basi limelipita kufumba na kufumbua, sikupata hata muda wa kununua samaki wa kukaanga kama tulivyokuwa tukinunua tukingoja feri. Nilitaka kumwambia dereva asimame. Ningemwambia nini?

Hapa nyumbani Mama alinipokea begi, akanishika kichwa, akaenda kunibandikia maji ya kuoga. Wengine walikuwa na maswali. Siku ya kuondoa tanga ukoo ulikaa, na Baba Mdogo akasimama. Kasema asiyekuwepo na lake halipo. Kasema wakubwa wenye helikopta wameona mbali wakaondoka, sasa nyinyi wenye bunduki za kuhesabika mmebaki mnamlinda nani, na baba yako mzazi analazwa chini bila udongo wako? Kisha akatoa uamuzi wake kuhusu filimbi. Kwamba wewe ulikuwa kamanda wa sungusungu wa zamani, siku hizi kuna polisi kata na simu, filimbi hiyo imekufa na mwenyewe, na yeye ameshapigilia msumari ukutani, kando ya picha yako, itundikwe hapo iwe ukumbusho.

Msumari, Baba!

Ndipo Mama akafungua pindo la khanga yake. Filimbi ilikuwemo. Alisema ulimpa hospitalini, ukamfunga vidole wewe mwenyewe, ukamwambia aniwekee mimi, Kabula wako. Akainuka, akaja mpaka nilipo, akaniwekea kiganjani. Nikafunga vidole.

Baba Mdogo akasema hata nikipewa, nani ataitika? Nami hasira hazina adabu. Nikaipuliza. Tatu ndefu, kama ulivyokuwa ukipuliza mwizi wa ng'ombe akionekana.

Najua ni kosa. Najua unatikisa kichwa. Lakini laiti ungeona! Wa kwanza kuruka juu na kukamata fimbo alikuwa Baba Mdogo mwenyewe. Alikuwa ameshafika nje ya mlango ndipo akakumbuka kwamba amenikasirikia. Halafu kijiji kikaja. Mama Neema aliacha mahindi yake kwenye mashine. Fundi baiskeli alikuja na spana. Vijana wa bodaboda waligeuza pikipiki barabarani, abiria wanapiga kelele huko nyuma. Akina mama wa bondeni walishaanza kupiga mwano, lile yowe la kuitana. Mzee Lubango, na goti lake lile, alikuja na fimbo mbili, moja ya kutembelea na moja ya kupigia. Uwanja ulijaa, wote wanahema, wote wanauliza, "Yuko wapi? Amepita wapi?"

Ilibidi niseme ukweli. Niliwaambia hakuna mwizi. Niliwaambia huko nilikotoka niliita wakubwa hawakuwepo, wakaja wadogo, na nilitaka kujua kama hapa nyumbani bado wako watu wa kuja. Na niliwaambia wanisamehe sikuwepo kumzika kamanda wao. Mzee Lubango akakohoa, akasema sheria ni sheria, anayepuliza bila jambo hutoa beberu. Nikatoa beberu. Akaliwa jioni ileile, na paja nikapewa mimi, na Baba Mdogo ndiye aliyelikata.

Udongo wangu nimeuweka kaburini kwako jana. Nilichota kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nilikuwa nimeshika filimbi. Inauma, sitajifanya. Itaniuma mpaka nizeeke. Lakini ukiniuliza kama ningepanda ile helikopta, jibu langu unalo, wewe ndiye uliyenikalisha chini ya ule mlango.

Ninarudi kivukoni leo. Wanaosema sisi na wanakijiji wale tumeachwa kama makombo ya sahani, waseme. Makombo hayavuti pantoni.

Asubuhi nimekwenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa ananawa uso kwenye beseni, nikangoja amalize. Hakuna mwingine wa kumpa. Aliyeruka wa kwanza ni yeye, na miguu yake haikungoja ruhusa ya mdomo wake. Nilimwekea filimbi kiganjani. Alichelewa kufunga vidole, Baba, alikuwa analia. Nilisubiri.

Sasa basi linakuja, naacha kiti chako. Pumzika. Siku yetu ya kuondoka kule nayo itafika, hatukwenda kuoa. Nakuahidi hivi: siku hiyo nitashuka mpaka kivukoni na ufunguo wa lindo. Nitamtafuta mwenye kijiji chake. Hata kama helikopta inaunguruma, hata kama ni ya mwisho, nitangoja anawe uso, nitamwekea mkononi, na sitageuka mpaka afunge vidole.

Ni mimi mwanao,
Kabula