Vitanzi Nane Kwenye Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi kutoka Kajiado saa nane. Wamedunga sindano, wakatoa kinyama kidogo kwa kale kauvimbe ka titi, wakabandika plasta. Majibu ni siku saba za kazi, watanipigia. Nikasema sawa. Sawa ya nini? Daktari ni mpole, anaongea kama mtu anabembeleza mtoto alale, na huo upole ndio umenitia baridi. Kajiado nilienda makusudi. Hapa Kitengela ukikohoa tu kanisani, wanaombea mapafu yako.

Mume wangu Dalmas hajui. Nilimwambia naenda Isinya kuona rafiki. Mama yake alianza hivi hivi, kauvimbe kama punje ya mahindi, na tangu tumzike mwaka juzi Dalmas hawezi hata kupita karibu na wadi. Sitamwambia mpaka nijue. Ikiwa si kitu, nitakuwa nimemtesa bure.

Na vile tuko na mgeni! Baba yake ametoka Bungoma kufanyiwa operesheni ya macho, bado anarudi kliniki. Analala kwa Muthama, keateka anayetunza ploti. Kwetu hawezi, mila imekataa, mimi mke wa mtoto wake niko ndani. Mchana anakaa veranda na redio yake. Naweka chakula kwa meza, narudi nyuma, ndio anasogea. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumpa mkono. Heshima ni heshima. Lakini leo ningependa kusikia mtu akitembea humu ndani.

Jumatano, 16 Julai

Mkono wangu hautulii. Napika, umeenda pale. Nafua, umeenda pale. Kauvimbe kako palepale, hakajaongezeka, hakajapungua, na bado naenda kuangalia!

Mumbi wa nyumba ya tatu ndiye mtu pekee nimemwambia. Amekuja na mfuko wa uzi. Wewe, amesema, leo nakufunga mikono.

Ni kufuma skafu bila sindano. Mikono yako ndio sindano. Uzi mnene hakupata mjini, kwa hivyo ameshika nyuzi tatu pamoja. Amenivua saa, akanivua pete, akanianzishia vitanzi nane kwa mkono wa kulia. Unashika uzi ndani ya ngumi, unavuta kitanzi kinapita juu ya ngumi, ule uzi unabaki umekuwa kitanzi kipya, unakivalisha mkono wa kushoto. Cha pili. Cha tatu. Mpaka vyote vihame. Halafu unavirudisha kulia. Katikati ya mstari huwezi kitu. Pua ikikuwasha, shauri yako. Simu ikilia, shauri yako. Na huwezi kugusa pale.

Dakika arobaini sijagusa! Karibu nilie.

Skafu yenyewe ni aibu. Mashimo! Mumbi amesema hiyo ni neti ya samaki, tukafumua yote. Nalegeza sana. Anasema kitanzi kikumbatie mkono, kisining'inie.

Alhamisi, 17 Julai

Afadhali leo. Siri nimeijua: usisimame popote, simama tu vitanzi vyote vikiwa kushoto. Hapo mkono wa kulia uko huru. Unakunywa chai. Unaandika, kama sasa hivi.

Seleyian wa maziwa amenikuta katikati ya mstari. Takwenya! akanisalimia kwa Kimaasai. Nikaitikia Iko! mikono imeinuliwa kama nimeshikwa na polisi. Amecheka mpaka akakaa chini. Amemimina maziwa kwa sufuria mwenyewe na kuniuliza kama ni mume wangu amenifunga.

Nimecheka na mimi. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 19 Julai

Kumeharibika.

Dalmas ameiona pete kwa kisosi jikoni. Tangu Jumatano sijairudisha. Kila nikitaka kuivaa nafikiria nitaivua tena kesho, basi naiacha. Ameishika kwa vidole viwili. Hii inafanya nini hapa? Nikasema ni kufuma, inashika uzi. Akaangalia skafu, akaangalia mimi. Halafu polepole, bila kelele: Isinya ulienda kuona nani?

Nikasema rafiki. Jina? Nikakwama. Mimi! Mdomo wangu huu unaojibu hata wahubiri! Amechukua koti, akatoka. Mzee alikuwa veranda na nina hakika amesikia yote, kwa sababu redio ilikuwa imezimwa.

Ningemwambia palepale. Lakini nilikumbuka uso wake siku ile ya kumzika mama, vile alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake cha mkono, na nikashindwa. Afadhali anifikirie mbaya siku nne. Ni siku nne tu.

Jumatatu, 21 Julai

Siku ya tano ya kazi. Hawajapiga. Dalmas ananiongelesha kama karani: chumvi, asante, kwaheri. Nimefuma mistari kumi na tisa.

Jumanne, 22 Julai

Mungu wangu.

Saa tano na dakika kumi. Simu nilikuwa nimeiweka kwa dirisha la veranda, ndani humu mtandao ni wa kubahatisha. Vitanzi vitatu kulia, vitano kushoto. Ikalia! Nikasimama, nikavuta, uzi ukajifunga kwa mguu wa meza, bonge likaviringika chini ya sofa. Nikajaribu kubonyeza na pua. Na pua! Ikakatika. Namba ya ofisi, siijui, lazima ni wao. Nimefumua mikono kwa hasira, nikapiga. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nimepiga mara kumi na moja mpaka saa kumi, halafu ikawa haishikwi kabisa.

Mzee alikuwa palepale nje, hatua mbili kutoka kwa hiyo simu. Aliiangalia ikilia. Hakugusa. Angegusaje kitu cha mke wa mtoto wake? Na mimi sikumwomba. Ningemwombaje? Tukaangaliana kupitia dirisha kama wajinga wawili mpaka ikanyamaza.

Mumbi anasema niache kufuma mpaka wapige. Nimejaribu. Nusu saa, na mkono umeenda pale mara sita.

Jumatano, 23 Julai

Naandika haraka. Vitanzi viko kushoto.

Imelia saa nne unusu. Nilikuwa katikati tena — ndiyo, najua! — vinne huku, vinne huku. Mzee akasema kwa dirisha, Mama, simu. Nikasema, Baba, shika. Neno limenitoka tu. Baba, tafadhali, shika!

Akashika. Jicho moja bado lina bandeji, hakuona ni nani. Halo. Ndiyo, ni ya Jentrix. Hapana, yuko na kazi kwa mikono. Wakamuuliza kitu. Akasema: mimi ni baba yake.

Hakusema baba mkwe. Baba yake.

Halafu ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, nasikia. Leo? Na mtu? Akageuka akanipa mgongo, nikaona mabega yake yakishuka. Akasema asante, daktari, kwa ile sauti ya watu wakiambiwa wapange mstari.

Nikauliza, Baba, wamesema nini? Hawakuniambia ugonjwa, amesema. Wanataka uende Kajiado leo, na usiende peke yako. Halafu: mama ya Dalmas pia walimwambia aje na mtu. Mimi ndio nilienda na yeye.

Mikono yangu ilikuwa imesimama hewani. Nilikuwa naogopa, naogopa sana, na kitu pekee nilijua kufanya ni kitanzi kinachofuata. Nimemaliza mstari. Sijui nimeumalizaje.

Na yeye amevua viatu mlangoni. Ameingia. Ameketi mwisho ule mwingine wa sofa, nyumba haina mtu mwingine, amepakata bonge la uzi lisiviringike. Hatujaangaliana.

Ameuliza, Dalmas anajua? Nimetingisha kichwa kukataa. Ameuliza, Isinya ni Kajiado? Nimesema ndiyo, Baba.

Amesema basi apigiwe sasa, kabla hatujatoka, huyo mtoto ana siku nne anafikiria upuzi. Nimesema apige yeye. Amesema hapana. Nitashika simu, amesema, lakini kuongea ni wewe.

Ananyoosha simu, nimwonyeshe jina na kidole. Nimemwonyesha. Ameweka spika, ameiweka juu ya mto katikati yetu. Inalia. Dalmas huchelewa kushika akiwa kazini. Inalia bado. Nimesema, ngoja Baba, niandike huu mstari mmoja, na yeye amesema andika, lakini kalamu uiweke chini akishika.

Ameshika. Anasema, sema, Jentrix. Sauti yake bado ni ya karani.

Mzee ananiangalia mkono wenye kalamu. Naiweka chini.